Ukuta wa Nyumba ya Urithi: Unyevu Hautibiwi kwa Kufunikwa

Kila masika yanapokwisha, anayepita katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja huona alama zile zile: rangi iliyobanduka, lipu iliyovimba, ukungu wa kijani chini ya mlizamu, na katika baadhi ya nyumba mawe yaliyobaki wazi baada ya ganda la nje kuanguka. Huonekana pia tiba ile ile. Hununuliwa mifuko ya saruji, huitwa kijana mwenye mwiko, ukuta hupigwa lipu mpya na kupakwa rangi, na wenye nyumba hushukuru kuwa kazi imekwisha. Mwaka wa pili au wa tatu, maradhi hurudi pale pale.

Ndugu msomaji, mimi ni katibu wa kamati ya msikiti. Si fundi wala mhandisi. Elimu yangu niliipata katika chuo cha Kiislamu, na shughuli zangu za kila wiki ni kuandika mihutasari, kuweka hesabu na kufuatilia ankara za maji na umeme. Lakini katika miaka miwili iliyopita nimesimamia, kwa niaba ya jamaa zangu, matengenezo ya ukuta mmoja wa nyumba tuliyorithi, na yale niliyojifunza kwa mafundi na kwa jamaa wenyewe nimeona si vyema kubaki nayo peke yangu. Familia nyingi zinazosoma kurasa hizi zina nyumba ya namna hiyo: kongwe, ya warithi wengi, yenye ukuta mmoja ambao kila mtu anaujua na hakuna anayeushika.

Nyumba yetu ipo Kiponda. Aliinunua marehemu babu, mzazi wa baba yangu, nayo ilikuwa tayari kongwe alipoinunua. Chini kuna duka dogo linalopangishwa, ukumbi, na chumba cha mama yangu. Juu kuna vyumba vitatu anamokaa dada yangu na wanawe wawili. Ukuta uliotushughulisha ni ule wa kusini, unaoelekea kichochoroni, ambao ndio unaopigwa na mvua inayokuja na upepo wa kusi.

Ili msomaji afahamu kilichoupata ukuta huo, ni lazima kwanza aujue ulivyojengwa. Kuta za nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe, yaliyounganishwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Unene wake ni nusu mita na zaidi, na ndani ya unene huo mawe hayakupangwa kwa mistari kama matofali. Yamelazwa makubwa kwa madogo, na udongo wa chokaa umejaza nafasi baina yake. Sakafu ya juu inabebwa na boriti za mikoko ambazo ncha zake zimeingia ndani ya ukuta. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, na hiyo ndiyo sababu vyumba vyetu vingi ni virefu na vyembamba. Juu ya mawe hupigwa lipu ya chokaa, na juu ya lipu hupakwa chokaa nyeupe.

Chokaa yenyewe ni mawe yale yale. Mawe ya matumbawe huchomwa tanurini kwa moto mkali mpaka hewa ya ukaa iliyomo ndani yake ikatoka. Kisha huzimwa kwa maji, yakachemka na kuwa laini kama samli iliyoganda. Ikishapakwa ukutani, chokaa hiyo huanza kuirudisha hewa ya ukaa kutoka katika upepo, kidogo kidogo, kwa wiki na miezi, mpaka inakuwa jiwe tena. Kwa hiyo lipu ya chokaa na ukuta wa matumbawe ni ndugu wa asili moja. Vyote vina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Mvua ikinyesha, ukuta hunywa maji kiasi. Jua likitoka, huyatoa kwa njia ile ile. Wajenzi wetu wa zamani hawakukusudia ukuta usiolowa kabisa. Walikusudia ukuta unaolowa na kukauka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nyumba ikitayarishwa kwa harusi ya jamaa, wazee wetu waliibandua lipu ya chokaa ya ukuta ule wa kusini wakapiga ya saruji. Hatuna sababu ya kuwalaumu. Saruji wakati huo ilikuwa ndiyo dalili ya maendeleo, na chokaa ilihesabiwa kuwa ni kitu cha mtu asiye na uwezo. Ukuta ulinyooka, ukapendeza, na kwa miaka kadhaa hakukuwa na neno. Kisha mambo yakaanza upande wa ndani. Rangi ya chumba cha mama ilianza kufanya malengelenge. Chini ya malengelenge kulikuwa na unga mweupe wenye ladha ya chumvi. Kabati lililoegemea ukuta likaota ukungu mgongoni, na nguo za ndani yake zikanuka. Kwa nje, ukuta ulikuwa bado mzuri.

Hapa ndipo ilipo hadaa ya saruji juu ya ukuta wa matumbawe. Saruji ikishakauka ni ngumu na imefumbana, na haiendi pamoja na ukuta laini ulio nyuma yake. Joto likipanda na kushuka, hutoka nyufa nyembamba kama unywele. Maji ya mvua huingia kwa nyufa hizo, na maji ya ardhini hupanda kutoka chini, lakini yote hayo hayapati tena njia ya kutokea nje, kwa sababu ganda limeziba. Hubaki ndani ya ukuta yakiyeyusha udongo na kubeba chumvi, kisha hutafuta upande ulio wazi, nao ni upande wa ndani, wanamolala watu.

Dada yangu ana mtoto wa kike ambaye wakati huo alikuwa na miaka minne, na alikuwa akilala kwa bibi yake mara nyingi kuliko kwa mama yake. Kifua kilimsumbua masika mawili mfululizo. Daktari, baada ya kumpima, alituuliza kama anapolala pana unyevu. Mama hakujibu. Siku ile ile aliuhamisha mkeka wa mtoto ghorofani, naye mwenyewe akabaki chumbani mwake, akisema kwamba yeye ameshazoea.

Masika yaliyofuata, kipande cha lipu chenye ukubwa wa mlango kilianguka kichochoroni usiku. Alhamdulillahi, hapakuwa na mpita njia. Asubuhi tuliona nyuma yake udongo uliolainika mpaka ukachimbika kwa kidole, na ncha za boriti zilizogeuka nyeusi. Hapo ndipo jamaa tulipoelewa kuwa si suala la rangi tena. Kila mkaazi wa Unguja anakumbuka tarehe 25 Desemba 2020, siku sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoanguka ikiwa katika matengenezo na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo lile la Sayyid Barghash, lililojengwa mwaka 1883, ni kubwa na lina historia yake ya pekee, na si nia yangu kulifananisha na nyumba ya familia. Lakini tangu siku ile hakuna mtu wa Mji Mkongwe anayeweza kusema kwamba kuta hizi haziui.

Tulimtafuta fundi wa chokaa. Tulielekezwa kwa mzee mmoja wa shamba ambaye alifunzwa kazi na baba yake. Alipokuja hakuleta mwiko. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, hatua kwa hatua, akaniambia, "Sikiliza, Katibu." Mahali lipu iliposhikamana na jiwe sauti ilikuwa nzito, mahali ilipoachana na jiwe sauti ilikuwa tupu kama ya mtungi. Zaidi ya nusu ya ukuta ilikuwa tupu. Mama alimuuliza lini ataanza kupiga lipu mpya. Akamjibu, "Bi Mkubwa, ukuta huu haukuugua leo. Nioneshwe maji kwanza. Lipu ni ya mwisho."

Kazi ya kuyatafuta maji ilichukua wiki tatu, na kwangu ilikuwa ndiyo darasa kubwa kuliko yote. Fundi alitueleza kwamba maji huuingia ukuta kwa njia tatu: kutoka juu, kutoka ndani, na kutoka chini. Siku ya mvua kubwa alisimama kichochoroni na mwavuli, akitazama paa. Mfereji wa bati unaopokea maji ya paa ulikuwa umezibwa na kiota cha kunguru, na maji yote ya upande ule yalikuwa yakifurika na kuteremka juu ya ukuta badala ya kutoka kwa mlizamu. Hiyo ilikuwa njia ya kwanza.

Kwa njia ya pili alitumia penseli. Alichora ukingo wa alama ya unyevu iliyokuwa karibu na choo cha juu, akaandika tarehe pembeni yake, kisha akatuagiza tufunge koki ya ghorofani kwa siku mbili na kutumia ndoo. Mvua ilinyesha siku zote mbili, na bado alama ile ilirudi nyuma ya mstari wa penseli. Bomba lililofukiwa ukutani lilikuwa likivuja kwenye kiungo chake. Ukuta ule ungepigwa lipu mara kumi, na bomba lingeendelea kuunywesha kila siku, masika na kiangazi.

Njia ya tatu ilikuwa ardhini. Kichochoro kilikuwa kimesakafiwa kwa saruji mara kadhaa, kila mara juu ya ile ya zamani, mpaka sakafu yake ikapanda juu ya msingi wa nyumba na kuinamia ukutani. Maji ya mvua yalisimama pale, na ukuta ukayavuta juu kama utambi unavyovuta mafuta. Unyevu wa chumba cha mama ulifika usawa wa kiuno chake na kuishia hapo. Fundi alisema hiyo ndiyo dalili ya maji yanayopanda, kwani yale yanayoshuka huanzia juu.

Tulipokwisha kuyajua maji, ilibaki kuwakusanya wenye nyumba. Marehemu babu aliacha watoto watatu: baba yangu, ami yangu anayeishi Muscat, na shangazi yangu. Kwa hesabu ya mirathi, nyumba ina mafungu matano: mawili ya baba, mawili ya ami na moja la shangazi. Baba naye alipofariki, mafungu yake mawili yakawa ya mama na sisi watoto wake. Nyumba haikuwahi kugawiwa wala kuuzwa. Mnunuzi alikwisha kuja mara mbili, na bei aliyoitaja mara ya pili, baada ya lipu kuanguka, ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza.

Ami alishiriki kikao kwa simu. Hoja yake ilikuwa nyepesi: nyumba yake ya Muscat ni ya matofali ya saruji, imepigwa lipu ya saruji, nayo haina tatizo lolote, kwa nini sisi turudi kwenye chokaa inayochukua miezi? Hoja hiyo ina haki yake. Saruji juu ya tofali la saruji ni jambo lililolingana. Kosa ni kuitia juu ya jiwe la matumbawe na udongo wa chokaa. Nilimpelekea picha za udongo uliolainika na za mstari wa penseli, naye akakaa kimya kwa siku mbili, kisha akaniandikia: "Fanyeni anavyosema mzee. Lakini niandikie kila shilingi."

Shangazi ndiye aliyekuwa na uzito mkubwa zaidi, kwa sababu hakuwa na fedha. Anauza maandazi asubuhi na hilo ndilo pato lake. Mmoja wetu alisema kwa ghadhabu kwamba asiyetoa asihesabiwe mwenye nyumba. Hapo niliona ni wajibu wangu kuyataja niliyosomeshwa. Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu tunayafuata, wamelizungumza jambo hili katika mlango wa suluhu, na Imam Nawawi amelieleza katika Minhaj at-Talibin: ukuta ni wa washirika, mmoja anataka kuujenga na mwenzake hataki. Katika kauli ya kale ya Imam, yule asiyetaka hulazimishwa. Katika kauli mpya, ambayo ndiyo yenye kutegemewa, halazimishwi. Na ukuta ukishaanguka, anayetaka kuujenga upya kwa vifaa vyake mwenyewe hazuiwi. Hakuna katika kauli hizo mbili inayosema kwamba asiyeweza kutoa hupoteza fungu lake. Haki ya mirathi haifutwi kwa mfuko wa chokaa.

Maneno hayo yalituliza kikao, ingawa hayakuleta fedha. Gharama zilizokadiriwa zilikuwa shilingi 7,500,000. Kwa mafungu matano, kila fungu lilikuwa shilingi 1,500,000: upande wetu milioni tatu, ami milioni tatu, shangazi milioni moja na nusu. Ami akasema atamlipia dada yake kama hiba. Shangazi akakataa. "Msinifanyie sadaka ndani ya nyumba ya baba yangu," alisema. Tukakubaliana kwamba ami atatanguliza fedha, na fungu la shangazi katika kodi ya lile duka la chini litakatwa kila mwezi mpaka deni liishe. Niliandika makubaliano hayo karatasi moja, tukatia saini sote, na nakala ikapelekwa Muscat. Qur'ani Tukufu inatuamrisha kuliandika deni hata likiwa dogo, na ajabu ni kwamba sisi hulifuata agizo hilo kwa wageni tukaliacha kwa ndugu.

Kazi yenyewe ilianza mwishoni mwa Juni, mvua zikiwa zimekatika. Mji Mkongwe upo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na matengenezo ya nje ya nyumba yanahitaji kibali cha mamlaka inayosimamia hifadhi ya mji. Watu hukwepa hatua hii kwa kuogopa usumbufu. Sisi tuliiona ni faida, kwani ofisa aliyekuja kukagua ndiye aliyetuonya tusiibandue lipu kabla ya kuziwekea boriti nguzo za muda kwa ndani.

Mfereji wa paa na bomba vilitengenezwa mwanzo. Pili yake zikasimamishwa nguzo. Hapo ndipo lipu ya saruji ilipobanduliwa, kuanzia juu kwenda chini, kwa nyundo ndogo na patasi, bila kupiga kwa nguvu, maana udongo wa nyuma ulikuwa dhaifu. Boriti tisa zilikuwa zimeegemea upande ule, na tatu kati yake zilikuwa zimeoza ncha. Mpya zilinunuliwa kwa muuzaji mwenye kibali, kwa kuwa mikoko haikatwi ovyo, zikawekwa ubavuni mwa zile zilizooza. Fundi hakuzizika ncha zake ndani ya udongo. Aliziachia nafasi ndogo ya hewa. Kichochoroni tulichimba ukanda mwembamba kando ya ukuta, tukaondoa tabaka za sakafu za zamani, na tukasakafu upya kwa mwinamo unaoyapeleka maji mbali na nyumba. Jirani wa mbele alitukubalia hilo kwa moyo mweupe, kwani na yeye ukuta wake ulikuwa ukinywa.

Kisha fundi akaondoka, akatuacha na ukuta uliovuliwa nguo kwa wiki saba.

Huu ndio wakati mgumu kuliko wote, na hapa ndipo matengenezo mengi yanapoharibika. Ukuta mnene uliolowa kwa miaka thelathini haukauki kwa siku tatu. Unahitaji upepo wa kipupwe na jua, na unahitaji watu wake wastahamili macho ya wapita njia. Tuliulizwa kama fedha zimetuishia. Tuliulizwa kama tumegombana. Mama alikuwa akiufagia ukuta kila Ijumaa kwa ufagio mkavu, kuondoa ule unga wa chumvi uliokuwa ukitoka nje wenyewe, sasa umepata njia. Kila wiki unga ulipungua. Kufikia katikati ya Agosti haukuonekana tena, isipokuwa karibu na ardhi.

Wakati huo chokaa ilikuwa ikisubiri katika pipa, imezimwa na kufunikwa na maji. Kuizima ni kazi ya hatari ambayo watoto hawatakiwi kuikaribia: chokaa iliyotoka tanurini ikiguswa na maji huchemka kwa ghafla, na tone lake jichoni linaweza kupofua. Ikishazimwa, kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Mchanga ulikuwa wa shamba, ukafuliwa, wala si wa pwani, kwa sababu mchanga wa pwani una chumvi, nasi tulikuwa tukikimbia chumvi. Kipimo kilikuwa karai moja la chokaa kwa makarai matatu ya mchanga. Mashimo makubwa yalijazwa kwanza kwa vijiwe vya matumbawe na chokaa. Kisha lipu ikapigwa kwa tabaka tatu nyembamba, kila moja isiyozidi unene wa kidole, na kila moja ikaachwa siku kadhaa kabla ya inayofuata. Ukuta ulirushiwa maji asubuhi na jioni na kufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa, kwani chokaa ikikaushwa haraka na jua huwa unga. Mwisho wake kukapakwa chokaa nyeupe nyepesi, mara tatu. Rangi ya mafuta au ya plastiki fundi aliikataza kabisa, kwa kuwa nayo huziba kama saruji.

Wajukuu walikuwa wakimtazama akifanya kazi, na mmoja wao, aliyekuwa akisoma Suratul Kahf madrasa, alimuuliza kama yeye ni kama yule mja mwema aliyeunyoosha ukuta wa mayatima wawili bila ujira. Mzee alicheka, akasema, "Mimi ujira nautaka, mjukuu wangu, na babako mkubwa ameuandika kwenye daftari." Lakini jioni ile shangazi alilirudia swali hilo kwa uzito. Alisema kuwa katika kisa kile ukuta ulinyooshwa ili usianguke kabla wenye haki hawajawa wakubwa, na kwamba katika nyumba yetu wenye haki ambao bado ni wadogo ni hawa wanaouliza.

Ukuta ulikamilika wiki ya mwisho ya Septemba, kabla ya vuli. Gharama zilizidi makadirio kwa shilingi 640,000, sehemu kubwa ikiwa ni boriti, na zikagawiwa kwa mafungu yale yale. Tangu hapo umepita msimu mmoja wa vuli na mmoja wa masika. Ukuta hulowa mvua inaponyesha. Rangi yake hugeuka kijivu, na baada ya siku mbili za jua hurudi kuwa mweupe. Chumba cha mama hakinuki. Karibu na ardhi, kiasi cha shubiri mbili, bado pana unyevu, na fundi ametuambia huenda usiondoke wote, kwa kuwa Kiponda si mlimani. Mtoto anapata mafua kama watoto wengine, lakini masika haya hakupelekwa hospitali kwa ajili ya kifua.

Kwa familia zenye nyumba za namna hii, nayaacha haya machache. Kabla ya kununua chochote, simameni nje siku ya mvua mtazame maji yanakopita. Safisheni mifereji ya paa kabla ya Machi na kabla ya Oktoba, kila mwaka, na aandikwe mtu mmoja kwa jina lake kuwa hiyo ni kazi yake. Choreni alama za unyevu kwa penseli na tarehe; alama hizo hazisemi uongo. Gongeni lipu na msikilize. Ukuta ukiwa umevimba au boriti zimeinama, msigonge wala msibandue. Watoeni watu katika chumba hicho na mwiteni mtaalamu kwanza. Na kama nyumba yenu ni ya matofali ya saruji, msikimbilie chokaa kwa sababu ya makala hii, bali muulizeni fundi wenu swali lile lile: maji yanaingia wapi, na yatatokea wapi?

Kwa warithi nina neno moja zaidi. Andikeni mafungu yenu wangali hai wanaoyajua. Wekeni kiasi kidogo kila mwezi kwa ajili ya nyumba; sisi sasa tunaweka sehemu ya kumi ya kodi ya duka, na daftari lipo kwa shangazi, kwa ridhaa ya sote. Mwenye suala la kisheria katika ukuta wa ushirika na awaulize wanazuoni wa mtaa wake, kwani kila kadhia ina yake. Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na waliomo ndani yake, na awarehemu waliotuachia. Amin.